Kabla Hujalipa Karo ya Upishi, Uliza Nani Atakusemea

Mdogo wangu wa Kisauni, barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena usiku nyumba ilipotulia. Kwa faida ya wasomaji wengine: mwenzetu huyu alimaliza kifungo chake katika jela ya Shimo la Tewa mwaka jana. Kule ndani aliwekwa jikoni, baadaye akajiunga na darasa la kuoka mikate. Sasa anakaa kwa dadake, alfajiri anakaanga mahamri ya kuuza mlangoni, na juzi amejiwa na mtu mwenye habari ya kozi ya upishi: miezi mitatu, shilingi 30,000, cheti mkononi. Shemeji yake naye halali bila kumkumbusha kwamba hakuna hoteli ya pwani hii itakayomchukua mtu aliyetoka jela. Swali lake ni fupi. Dada, nilipe au nisilipe?

Usilipe. Sisemi kozi hiyo ni mbaya, mimi siijui. Nasema usitoe hata senti kabla hujamuuliza mwenye kozi: wanafunzi wako wa mwaka jana wako jikoni kwa nani leo, na naweza kwenda kuwaona? Akikutajia mikahawa miwili mitatu, panda matatu uende ukawaone. Akianza kukuonyesha picha za mahafali, watu na makofia marefu meupe, mwambie utafikiria, kisha ushike njia yako.

Maana wewe, shoga yangu, hukosi kupika. Barua yako yenyewe inanukia hamira. Unachokosa ni mtu. Mtu wa kuinua simu aseme, "Huyo namjua, amesimama jikoni kwangu miezi kadhaa, anakuja kwa wakati, mpe nafasi." Asiyewahi kufungwa anaweza kuingia mahali na cheti peke yake na watu wakamkalisha. Wewe cheti chako kinahitaji mtu wa kukisemea. Mafunzo yatakayokupa mtu huyo yana thamani hata yakiwa ya wiki sita, na yasiyokupa utakuwa umenunua karatasi tu.

Hata hivyo, jiko umelichagua vyema. Kazi nyingi zinataka uaminiwe kwanza ndipo uonyeshe unachoweza, jikoni mambo huenda kinyume. Mweke mtu mbele ya kibao na gunia la vitunguu, na mpishi mkuu hatakuwa na haja ya maswali mengi. Ataangalia kisu kimeshikwaje. Ataangalia vidole vya mkono wa pili vimekunjwa ndani au vimeachwa nje vikingoja kukatwa. Maganda yanakwenda wapi? Na kile kitambaa begani, ndicho kinachofuta kisu, ndicho kinachofuta meza, ndicho hicho hicho kinachofuta jasho? Kisha atasubiri wakati wa kuonja mchuzi, aone kama kijiko kilichotoka mdomoni kitarudi sufuriani. Nusu saa hivi, ameshajua. Hukumu hiyo ya vitunguu haimjali hakimu aliyekuhukumu ile nyingine.

Sasa nikupe mfano wa mbali, kwa sababu unaonyesha vizuri ninachokisema. Katika eneo la Cleveland, jimbo la Ohio kule Marekani, kuna mkahawa unaitwa EDWINS. Ulifunguliwa Novemba 2013 na mpishi mmoja, Brandon Chrostowski. Alipokuwa kijana Detroit alikamatwa na polisi, jaji angeweza kumfunga, akamwachia kwa uangalizi wa probesheni. Akapata mpishi wa kumshika mkono, na kutoka hapo akafanya kazi katika majiko makubwa ya Chicago, Paris na New York. Kwa ujuzi huo akafungua mkahawa wa chakula cha Kifaransa, vitambaa vyeupe mezani na mvinyo, kisha akawaweka jikoni na ukumbini watu waliotoka jela.

Mafunzo ni miezi sita na hakuna karo. Kila mwanafunzi huzungushwa: leo anaosha vyombo, baadaye yuko kwenye visu, kwenye supu na michuzi, kwenye moto wa nyama, mwishowe anatoka nje kumhudumia mteja na kumweleza chakula kilivyopikwa. Wapo waliouliza kwa nini Kifaransa, kwani baga zina kosa gani? Mimi naona kuna akili hapo. Aliyejifunza kutengeneza mchuzi unaokaa motoni tangu asubuhi, akapokea makaripio na kurudi kesho yake, mwenye mkahawa yeyote mjini anamtaka. Na wanaompigia simu Chrostowski kuuliza habari za fulani, wanajua fulani amepita wapi.

Mwaka 2017 Thomas Lennon alitengeneza filamu fupi juu ya mwanzo wa mkahawa huo, Knife Skills, nayo ikaingia kwenye orodha ya filamu zilizopendekezwa kwa tuzo za Oscar. Ukiipata itazame. Haikupaka rangi: walioanza ni wengi, na wengi waliacha njiani. Wengine walishindwa na dawa za kulevya, wengine na maisha tu. Ndiyo sababu baadaye EDWINS walijenga na makazi ya wanafunzi, wakaongeza bucha na duka la mikate. Waliona kwamba mtu asiye na pa kulala hafiki kwenye zamu, hata awe na mkono mtamu namna gani. Kwa hiyo ukienda kuulizia kozi yoyote, usitazame jiko peke yake. Uliza kuna nauli? Kuna chakula cha mchana? Ukiugua siku mbili wanakutafuta au wanakufuta?

Kuna na njia nyingine, fupi zaidi. Yonkers, jirani na New York, kuna kiwanda cha kuoka kiitwacho Greyston, kilianzishwa 1982 na Bernie Glassman, mwalimu wa dini ya Kibudha. Ndio wanaooka keki za brauni zinazotiwa kwenye aiskrimu ya Ben & Jerry's. Ukitaka kazi pale unaandika jina kwenye orodha, nafasi ikitokea unaitwa. Hakuna usaili, hakuna kuulizwa ulikuwa wapi miaka mitano iliyopita. Kazi yenyewe ndiyo itakayosema kama utabaki.

Utaniambia Mombasa hakuna kitu kama hicho. Kipo, mdogo wangu, ni harusi.

Mpishi wa harusi hataki barua ya maombi. Ijumaa anatafuta mikono ya Jumamosi, na mwenye mikono anachukuliwa. Hapo ndipo jela, pamoja na ubaya wake wote, imekupa kitu ambacho mwanafunzi wa chuo hana. Yeye amefundishwa kupika pilau ya watu sita, au kumi. Mpe ya watu 400 uone atakavyobabaika. Wewe umesonga ugali wa mamia kwa mwiko unaokufika kifuani. Unajua sufuria ya ukubwa ule inaweza kuungua chini huku juu bado mbichi. Unajua chumvi haiongezwi kwa kuzidisha tu hesabu ya watu, na kwamba moto wa kuni hupunguzwa kwa kuvuta magogo mapema, si wakati harufu imeshatoka. Unajua viazi vya gunia zima humenywa usiku, si asubuhi wageni wameshaanza kuingia. Huo ni ufundi, na hapa mjini unalipiwa.

Mtafute mpishi wa harusi anayejulikana, Kisauni kwenu hapo hapo au Majengo, umwendee siku mbili kabla, umwambie unataka kusaidia. Usiombe cheo. Osha mchele, chagua mawe, menya kitunguu saumu. Ukimaliza harusi tatu nne naye akawa anakutafuta yeye, hapo umepata wa kwanza wa kukusemea, na hujatumia 30,000.

Nina neno pia kwa wale walioniandikia wakiwa na ndugu bado ndani. Msingoje atoke. Uingereza mwaka 2009, katika jela ya High Down iliyoko Surrey, Alberto Crisci aliyekuwa akisimamia upishi wa jela hiyo alifungua mkahawa wa kweli ndani ya kuta, uitwao The Clink. Watu wa nje wanaweka nafasi, wanakaguliwa langoni, wanaacha simu, wanakula chakula cha hali ya juu kwa visu na uma za plastiki, na pombe hakuna. Wanaopika na kuhudumia ni wafungwa wanaosomea vyeti vinavyotambuliwa nje, na wakitoka kuna mtu wa kuwapokea na kuwasaidia kutafuta kazi na pa kukaa. Baadaye mkahawa mwingine ulifunguliwa jela ya Brixton, London. Sisi hatuna The Clink, lakini tuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na wafungwa hapa Kenya huufanya wakiwa ndani. Siku ya kumtembelea ndugu yako, muulize afisa wa ustawi kama jela hiyo inaandaa watu kwa mtihani wa kuoka au upishi, na jina la ndugu yako liandikwe lini. Gredi ya tatu ndiyo ya kuanzia, na haikudai uwe umemaliza kidato cha nne. Cheti kinatoka NITA, hakitoki jela.

Wewe wa Kisauni hukuniambia kama lile darasa la mikate liliishia kwenye mtihani. Kama ulifanya na cheti hukukichukua, kifuatilie wiki hii. Kama hukufanya, nenda kwa Idara ya Probesheni na Huduma za Baada ya Kifungo, hata kama kifungo chako umekimaliza. Hao kazi yao si kukuandikia taarifa tu. Huwasaidia waliotoka, na mara nyingine hupatikana karo au vifaa vya kuanzia. Ukiambiwa mwaka huu hakuna, uliza mwaka ujao maombi yanafunguliwa lini, na uandike jina la uliyezungumza naye.

Karatasi ya pili ni cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Hicho ni cha lazima kwa kila mtu wa jikoni, kinarudiwa kila baada ya miezi sita, na hakijali kabisa umetoka wapi. Kinachotaka kujua ni habari za tumbo lako tu. Kichukue sasa, kabla ya kuitwa popote. Mwajiri akisikia tayari unacho, anajua huyu mtu anaijua kazi.

Kisha ile inayokunyima usingizi, cheti cha tabia njema cha idara ya upelelezi, DCI. Hoteli kubwa nyingi zinakitaka, na alama zako za vidole zimo kwenye kumbukumbu za DCI. Sikudanganyi kwamba hilo ni dogo. Ninachokwambia ni usianzie huko. Hoteli kubwa ni mlango wa tatu au wa nne. Mlango wa kwanza ni harusi, wa pili mkahawa mdogo ambao mwenyewe yupo, anayeweza kukutazama usoni akaamua bila kumuuliza meneja wa Nairobi. Na ukitaka vibarua vya hoteli za Nyali na Bamburi, nenda Oktoba au mwanzo wa Novemba, wanapojipanga kwa wageni wa Desemba. Ukienda Mei, msimu wa mvua, utakuta wanapunguza hata walionao.

Siku ya kuzungumza na mwenye mkahawa, habari yako itoke kinywani mwako, si kwa jirani. Isiwe ndefu. Jaribu hivi: "Mama, kabla hatujafika mbali, nilifungwa, nikamaliza kifungo mwaka jana. Kule ndani nilikuwa jikoni na kwenye mikate. Tangu nitoke nimepika harusi na fulani, namba yake hii hapa, mpigie. Naomba unijaribu wiki mbili." Basi, nyamaza. Usieleze kesi, usilie, usiapie wanao. Akiuliza kosa, jibu kwa sentensi moja ya kweli. Akisema hapana, mwambie asante na umwachie namba. Wapishi huacha kazi bila notisi, tena kila siku, na siku hiyo mtu hufungua droo akatafuta ile karatasi.

Sasa nikutie na pilipili kidogo, maana dada anayekusifia tu hana faida. Jiko ni gumu. Unasimama mchana kutwa, joto, miguu inavimba, mshahara wa kuanzia haujazi kiganja. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Jikoni ni pa kuamrishwa. Unaitikia "ndiyo, shefu" siku nzima, na kwa mtu aliyeitikia "ndiyo, afande" kwa miaka, mwili unaweza kukumbuka kitu ambacho akili haitaki. Mwingine husimama kama mti. Mwingine hulipuka. Ukiona hivyo, toka nje dakika mbili, kunywa maji, urudi. Mpishi anayekufokea kwa sababu samaki ameungua ni wa kawaida. Anayekutukania mama yako na kukukumbusha jela mbele ya watu, huyo muache utafute pengine, huna deni kwake.

Na kama kilichokupeleka ndani kiliambatana na ulevi au dawa za kulevya, fikiria sana kabla ya kuingia mkahawa wa usiku wenye baa. Zamu ikiisha saa sita, wapishi wenzako hawaendi kulala. Mimi ningekupeleka kwenye mikate. Mwokaji anaamka wakati walevi wanarudi, na saa nne asubuhi kazi yake imekwisha, usingizi unamwita mapema kwa lazima. Ratiba hiyo peke yake inakutenga na watu wengi usiotaka kuwaona. Ila hakikisha safari ya alfajiri ni salama. Kama bekari iko mbali na tuktuk hazipatikani saa nane za usiku, usikubali kazi hiyo kwa aibu ya kusema.

Mahamri ya mlangoni usiyaache hata ukipata kibarua. Nunua daftari, andika kila siku unga kilo ngapi, mafuta, mkaa, umeuza ngapi. Daftari la miezi minne lililoandikwa vizuri ni ushahidi kwamba unaaminika na pesa, na siku moja utaliweka mezani mbele ya mtu. Mkopo wa simu usiuguse kwanza. Mahamri hayana faida ya kulipia riba.

Kuhusu shemeji. Anakula mahamri yako kila asubuhi, sivyo? Basi usibishane naye. Lakini upweke wa kusikia maneno hayo kila usiku haufai kuubeba peke yako. Nairobi kuna mama anaitwa Teresa Njoroge, alikuwa mfanyakazi wa benki, akafungwa jela ya Lang'ata akiwa na kichanga cha miezi mitatu. Alipotoka akaanzisha Clean Start, inayowasaidia wanawake waliopita jela kusimama tena. Tafuta habari zao, uulize kama wana kikundi cha huku pwani. Kukaa na wanawake ambao huhitaji kuwaeleza chochote kunapumzisha kichwa.

Namalizia na wewe uliyeniandikia kwa siri kutoka Likoni, mwenye mkahawa, unayetaka kumchukua kijana aliyetoka jela lakini wafanyakazi wako wananung'unika. Mchukue. Wiki mbili za majaribio, na umlipe, majaribio ya bure ni wizi. Mpe mtu mmoja wa kumuuliza maswali, asizunguke jiko zima. Kama ana siku za kuripoti probesheni, zijue tangu mwanzo uzipange kwenye zamu. Mwambie waziwazi nani kati ya wenzake anajua habari zake na nani hajui. Pesa usimwekee mtego mezani kumpima, watu wanajua mitego. Na siku noti ya elfu itakapopotea, kwa sababu jikoni vitu hupotea hata penye masheikh watupu, waulize wote kwa mpangilio wa zamu, kuanzia aliyefungua mlango asubuhi. Usianze na yeye.